Hivi Vasco da Gama ya Brazil ni huyu huyu Vasco wa nguzo yetu Malindi?

mwana_wa_shela

Salaam wadau, kuna swali linanisumbua tangu juzi, wenye ujuzi naombeni mnijuze. Juzi nimepita sokoni kwa mitumba nikapata jezi moja safi sana, nyeusi tii, ina mkanda mweupe umeteremka kutoka begani mpaka kiunoni na msalaba mwekundu hapa kifuani, mie nikaipenda kwa rangi tu sikusoma chochote, nikalipa nikaenda zangu. Nafika nyumbani mzee wangu kanitazama weee, akashika kola akasoma, akaniuliza "huyu Vasco da Gama unamvaa wewe, mtu wa Malindi?" Nikacheka nikidhani utani kumbe mzee hana utani kabisa, akaanza habari za Mreno kuwamwagia watu mafuta ya moto kule Mombasa, sijui kuchoma meli ya mahujaji wamo na wanawake na watoto ndani, yaani chai ilipoa mezani hakuna aliyeigusa.

Na kweli sisi huku ile nguzo yake tumeiona tangu utoto, iko pale kwenye jabali baharini na msalaba juu, watalii wanapiga picha. Ila timu sikuwahi kujua kama ipo. Nimegoogle kidogo naona mashabiki wa hiyo timu wengi ni weusi kama mimi, wachezaji weusi, mabango ya kupinga ubaguzi kila mahali, sasa ndo nimechanganyikiwa zaidi. Ni Vasco huyu huyu ama mwengine? Na ikiwa ni huyu huyu, imekuaje?

Jezi iko kwenye kamba inakauka. Sijui nivae ama nifanye dasta.

fundi_saa_Mabibo

Mkuu kwanza jezi bei gani? 😂

Ni huyo huyo, Brazil ilitawaliwa na Mreno. Afu si Rio peke yake, kule Goa India kuna mji mzima unaitwa Vasco da Gama na una timu yake inaitwa Vasco, na Cape Town nako kulikuwa na timu ya Vasco da Gama ya Wareno wa huko. Jamaa kila alipopita ameacha timu, nyie peke yenu ndo mmeachiwa nguzo.

kipa_mstaafu

Mleta mada kaa chini, hii ni ndefu kidogo na mimi timu za Amerika Kusini ndo ugonjwa wangu.

Ni huyo huyo na tarehe yenyewe inajieleza. Klabu imeanzishwa Rio de Janeiro tarehe 21 Agosti 1898. Toa miaka 400 unapata 1498, mwaka ule ule alipopita kwenu, Mombasa kafika 7 Aprili wakakorofishana, akasogea Malindi akapokelewa vizuri na mfalme, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, akatua Calicut 20 Mei. Wareno wa Rio walikua wanasherehekea miaka 400 ya safari hiyo, wakaona chama chao kipya cha kupiga makasia kiitwe hivyo. Ndio, makasia, mpira ulikua bado. Mpaka leo jina rasmi ni Club de Regatas Vasco da Gama, regata ni mbio za makasia, hata Flamengo walianza hivyohivyo 1895. Kwahiyo ukifikiria vizuri bila rubani wa Malindi hiyo timu isingekua na jina hilo, nendeni mkadai gawio.

Sasa hao Wareno wa Rio msiwachanganye na wale wa mizinga. Brazil ilishajitawala tangu 1822, na Mreno wa Rio wakati huo ni mwenye duka, mwoka mikate, karani, kuli wa bandarini. Wenye mji walimdharau vibaya sana. Hadi leo mashabiki wa timu zingine wakitaka kuwachokoza Vasco wanawaita bacalhau, yule samaki mkavu wa chumvi Wareno wanaempenda, ni kama mtu wa pwani umwite ng'onda. Na kumbuka Brazil utumwa wameufuta 1888, wa mwisho kabisa katika Amerika zote, miaka kumi tu kabla ya klabu kuzaliwa. Hapo hapo mwaka 1904 hawa wauza mikate wakamchagua Cândido José de Araújo kuwa rais wa klabu, mtu mwenye damu ya Kiafrika. Kwa klabu za mabwana wa Rio enzi hizo hilo hata kuota hawaoti.

Mpira wameuanza 1915 na mechi yao ya kwanza Mei 1916 wakala 10-1 na timu inaitwa Paladino. Kumi! Timu gani leo ikianza hivyo si inavunjwa kesho yake. Wao wakaendelea, wakatambaa kwenye madaraja ya chini huko, na hapa ndo utamu unapoanza.

Mpira wa Rio wakati huo ulikua wa watoto wa matajiri, Fluminense, Botafogo, hao wamesoma Ulaya, wanacheza kwa ridhaa, baada ya mechi chai na muziki. Kulipa mchezaji ni dhambi. Vasco wao wakaenda viwanja vya vumbi huko pembezoni wakaokota wanaojua mpira, mweusi, chotara, mzungu fukara, hawakuangalia sura. Kipa Nelson da Conceição alikua dereva, mweusi. Nicolino kuli. Ceci fundi wa kupaka rangi nyumba. Kwenye makaratasi wachezaji walikua wafanyakazi wa maduka ya Wareno, ukienda dukani kaunta humkuti mtu, yuko na kocha Ramón Platero, Mruguai, anakimbizwa kuanzia asubuhi. Ndo maana kipindi cha kwanza wanaweza kuwa nyuma, kipindi cha pili wenzao wale wa chai na muziki ulimi nje, wao wanageuza matokeo. Na mechi ikiisha matajiri wa maduka wanatoa zawadi, na ili wasishtakiwe kwamba wanalipa mishahara wanatumia majina ya wanyama kutoka ile bahati nasibu ya mtaani ya Brazil, mbwa ni milreis 5 (pesa ya Brazil enzi hizo), sungura ni 10. Mpaka leo Brazil nzima posho ya ushindi inaitwa bicho, yaani mnyama. Imetoka hapo.

1922 wakabeba daraja la pili. 1923 wakapanda, msimu wao wa kwanza kwa wakubwa, wakachukua ubingwa wa Rio. Walifungwa mechi moja tu, na Flamengo, 3-2. Waliitwa Jezi Nyeusi, maana huo mkanda mweupe wa kwako ulikua bado haujawekwa.

Simu inakaribia kuzima nakuja.

fundi_saa_Mabibo

Hahaha posho ya mbwa na sungura. Huku mchezaji ukimwambia leo mkishinda mna mbwa anaenda kushtaki

kipa_mstaafu

Nimerudi. Tulikua 1923.

Mabwana wakakasirika. Mwaka unaofuata, 1924, Fluminense, Flamengo, Botafogo, America na wengine wakatoka kwenye ligi wakaunda chama chao kinaitwa AMEA. Vasco mnakaribishwa, bingwa mtetezi, ila muwatoe wachezaji 12 kwanza. Kumi na wawili! Hiyo ni timu nzima na akiba. Sababu eti kazi zao haziridhishi, hawana elimu inayotakiwa. Na habari ya elimu ilikua na historia yake, mchezaji alitakiwa aweze kusoma na kuandika ajaze fomu na kusaini karatasi ya mechi, Vasco wakawa wanawatafutia walimu wa kuwafundisha, na kuna kisa kinasimuliwa sana cha winga mmoja Pascoal Cinelli, hiyo Cinelli ikawa inamgonga kuandika, wakambadilisha jina akawa Pascoal Silva maisha yakaendelea.

Rais wa Vasco, José Augusto Prestes, akawajibu kwa barua. Ni fupi. Anasema hawa 12 ni vijana, karibu wote Wabrazili, ndo kwanza wanaanza maisha ya mpira, na kitendo cha kuwafuta hakitafanywa kwa idhini ya viongozi wa nyumba iliyowapokea, wala chini ya bendera waliyoipa heshima kwa ushindi wao. Kwahiyo Vasco wanajitoa AMEA. Basi. Wabrazili wanaiita Resposta Histórica, Jibu la Kihistoria, na wenye timu wanaijua kama sisi tunavyojua wimbo wa taifa.

Sasa mleta mada angalia tarehe ya barua: 7 Aprili 1924. Rudi juu ukaangalie Vasco mwenyewe kafika Mombasa lini.

mwana_wa_shela

Subhanallah. 7 Aprili zote mbili. Naenda kumsomea mzee hii.

Bint_Ngamiani

Naomba nitie maji kidogo kwenye huo uji maana umekuwa mzito. Hiyo barua nimeisoma. Neno "mweusi" halimo. Neno "ubaguzi wa rangi" halimo. Kinacholalamikiwa ni kwamba wachezaji walichunguzwa hali zao za maisha, uchunguzi wa harakaharaka, bila kupewa nafasi ya kujitetea, na kwamba Vasco wanapewa haki ndogo kuliko waanzilishi. Na upande wa pili hoja yao walisema ni uprofesheno, nyie mnalipa wachezaji wakati sheria ni mpira wa ridhaa, na tuwe wakweli, walikua wanalipa, kipa_mstaafu mwenyewe kasimulia habari za mbwa na sungura hapo juu.

Jingine, Vasco hawakuwa wa kwanza Rio kuchezesha mweusi. Bangu, timu ya kiwanda cha nguo, walikua na Francisco Carregal tangu 1905. Jingine tena, 1925 Vasco haohao waliingia AMEA, hiyo ligi ya mabwana. Sisemi Vasco hawakufanya kitu, walifanya, ila nachoka na hizi hadithi za klabu kujipamba, leo kila timu duniani ina idara ya masoko inatafuta historia ya kuchapa kwenye jezi.

kipa_mstaafu

Dada yangu yote uliyosema ni sawa na mengine nilitaka kuyaruka kwa makusudi 😅 Ila chukua chekeche uniambie. Ukisema mchezaji wangu awe anajua kusoma na kuandika, asiwe anafanya kazi ya mikono, aonyeshe anaishi kwa kipato gani, Rio ile, miaka 36 tu baada ya utumwa kufutwa, nani anabaki juu ya chekeche na nani anapita chini? Hawakuhitaji kuandika neno mweusi. Hakuna mahali waliandika. Bangu ndio walikua na Carregal mapema, lakini Bangu hawakua tishio la ubingwa, hao unaweza kuwavumilia. Kelele zilianza weusi walipochukua kombe.

Na 1925 walirudi ndio, lakini wamerudi na wachezaji wao. 1924 walibaki ligi ile ya zamani na timu ndogo, wakabeba bila kufungwa, AMEA wakaona viingilio vinapotea wapi, wakalegeza. Pesa ya getini ndo iliyowasuluhisha, sio utu.

Bint_Ngamiani

Hapo kwa pesa ya getini nakubaliana na wewe mia kwa mia.

shabiki_wa_pembeni

Samahani naingilia, ni kweli Fluminense mchezaji wao mweusi alikua anajipaka unga usoni? Niliwahi kusikia kijiweni nikaona wananidanganya

kipa_mstaafu

Ni Carlos Alberto, 1914, chotara, alihamia Fluminense kutoka klabu ya America, ile ile ya Rio. Wanasema alikua anajipaka poda ya mchele na jasho likimtoka inachuruzika, mashabiki wa America waliomjua wakaanza kuimba "poda ya mchele". Fluminense wenyewe wanabisha, wanasema alikua anapaka hata alipokua America, ilikua poda ya baada ya kunyoa. Vyovyote vile tusi limegeuka nembo, leo mashabiki wa Fluminense wenyewe timu ikiingia wanarusha poda nyeupe uwanja mzima hauoni kitu.

baharia_Kilindini

Nimesoma nyote nimenyamaza sasa niongee mie niliofika. Nimefanya kazi melini miaka mingi, Rio tumetia nanga si mara moja. Siku moja tuko na off mie na mwenzangu tukaambiwa twendeni Copacabana, nikasema Copacabana ni mchanga na maji, mchanga na maji kwetu Nyali upo, nipelekeni kwa Vasco.

Uwanja unaitwa São Januário, uko kaskazini ya mji mbali na hizo bichi, umekaa kilimani ndo maana timu inaitwa Jitu la Kilimani. Mbele una vigae vya Kireno vile vya kuchorwa, ukiangalia utadhani jumba la gavana, afu ukigeuka ubavuni ni mtaa wa mabanda, Barreira do Vasco, watu wameanika nguo, watoto wanapiga mpira kwenye kichochoro. Mzee mmoja wa getini nikamwambia kwa ishara mimi natoka pale Vasco alipopita, Mombasa, Melinde. Alivyosikia Melinde akanishika mkono akaniingiza bure. Wao Malindi wanaijua jamani, wamesoma shule.

Uwanja huo walijenga mashabiki. AMEA moja ya visingizio vyao ilikua nyie Vasco hamna uwanja wa maana, basi Wareno na wachovu wenzao wakachangishana, mwenye duka katoa, kuli katoa, tarehe 21 Aprili 1927 ukafunguliwa, mkubwa kuliko wote Amerika Kusini mpaka Uruguay walipojenga Centenario 1930. Siku ya ufunguzi wakafungwa 5-3 na Santos 😂 hawa watu na ufunguzi hawapatani. Rais Getúlio Vargas alikua anaupenda kwa hotuba zake za Mei Mosi, sheria ya kima cha chini cha mshahara Brazil aliitangaza palepale 1940. Ndani kuna sanamu ya Romário nyuma ya goli alilofungia bao lake la 1000, penati, 20 Mei 2007. Kipa_mstaafu amesema Vasco alitua Calicut lini vile? Haya.

kipa_mstaafu

20 Mei 😳 hiyo sikuwahi kuiona wallahi. Bao 1000 alihesabu mwenyewe lakini, na za mazoezini sijui za utotoni, ila tarehe ni tarehe.

fundi_saa_Mabibo

Sasa hii timu ina makombe au ina tarehe tu?

kipa_mstaafu

Ina makombe. 1948 walienda Chile wakachukua ubingwa wa mabingwa wa Amerika Kusini bila kufungwa, mbele ya River Plate ya Di Stéfano, hiyo ndo bibi yake Libertadores, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini. Libertadores yenyewe 1998, mwezi uleule wa miaka 100 ya klabu, mfungaji akina Luizão na Donizete, na nusu fainali Juninho aliwapiga River frikiki kwao Monumental mashabiki wanaiimba mpaka kesho. Ligi ya Brazil mara nne, 1974, 1989, 1997, 2000. Na Desemba 2000 fainali ya kombe la Mercosur wako nyuma 3-0 mapumziko ugenini kwa Palmeiras, wakashinda 4-3, Romário kapiga tatu. Roberto Dinamite alifunga mabao 708 akiwa na jezi hiyo unayotaka kuifanya dasta.

Na ina aibu zake pia. Imeshuka daraja mara nne, 2008, 2013, 2015, 2020. 2022 wakauza asilimia 70 ya timu ya mpira kwa kampuni ya Kimarekani 777 Partners, 2024 mahakama ikawapokonya usukani ukarudi kwa klabu. Wa Simba na Yanga mnaopigania mwekezaji someni hapo taratibu.

baharia_Kilindini

Mbona hamjamtaja Barbosa. Huwezi kuongelea Vasco usimtaje Barbosa.

Kipa wa Vasco, mweusi, hiyo timu ya 1948 alidaka penati ya Labruna wa River. 1950 Kombe la Dunia kwao, nusu ya timu ya taifa ni Vasco na kocha ni wa Vasco, wanataka sare tu na Uruguay, Maracanã imejaa watu kama siafu. Ghiggia akapita kulia, Barbosa akadhani anatia krosi kama bao la kwanza, akasogea hatua moja, mpira ukapita upande wa mlingoti. 2-1. Tangu siku hiyo mpaka anakufa walimlaumu yeye. Mtu alikua akiingia dukani mama anamwambia mtoto, muone yule ndo aliyeliza Brazil nzima. Mwenyewe alisema Brazil kifungo kikubwa kabisa ni miaka 30, mimi wangu unakaribia 50. Na makipa weusi timu ya taifa wakaonekana nuksi kwa miaka mingi sana.

Kafariki mwaka 2000. Tarehe naogopa hata kuiandika, 7 Aprili.

Bint_Ngamiani

Ninyi watu. Nimeangalia, ni kweli, 7 Aprili 2000. Na siamini mambo ya tarehe mimi.

mwana_wa_shela

Wadau nimerudi, asanteni wote. Nimemsomea mzee tangu mwanzo, kwa makasia alikua anachezea tasbihi yake hanitazami, ile barua ya 1924 akaniambia rudia, nikarudia. Dada wa Tanga alivyosema neno mweusi halimo mzee akasema "huyo mwanamke ana akili". Kwa Barbosa akavua miwani.

Afu akasema yeye jina la Vasco hapa nyumbani halipiti, hilo halina mjadala, lakini jezi si ina mgongo? Basi niipeleke kwa fundi wa kuchapa jezi aandike BARBOSA mgongoni kwa herufi kubwa, na lile la kwenye kola nilishonee kitambaa. Kesho naipeleka. Namba si 1?

baharia_Kilindini

1. Na kituo chao cha mazoezi siku hizi kinaitwa Moacyr Barbosa, mwambie mzee.

fundi_saa_Mabibo

Bado hujasema jezi bei gani

mwana_wa_shela

Mia mbili. Alitaka mia tatu nikamwonyesha msalaba umechubuka.